Sura ya Saba: Mifereji Minne, Mitungi Kumi na Miwili

Kwenye droo ya meza yangu hapa Kiritiri, ndani ya kijisanduku cha plastiki, imelala prosesa ya Intel iitwayo Xeon E5-2680 v2. Ina viini kumi. Haina kasoro ninayoijua. Tangu niilipie haijanifanyia kazi hata dakika moja.

Tuanze na seva yenyewe. Ni HP Z420, kompyuta ya mnara iliyoingia sokoni mwaka 2012 kwa ajili ya wahandisi na wachoraji wa majengo. Ilizeekea ofisini ng'ambo, kisha ikaja Kenya ndani ya yale makontena ambayo Nairobi nzima huyaita ex-UK hata yakiwa yametoka Uholanzi. Fundi aliyeniuzia alilitamka neno Xeon jinsi muuza mbuzi anavyolitamka neno Galla: polepole, akinitazama usoni. Nikanunua. Ilikuwa na prosesa ya E5-1620, viini vinne vya gigahezi 3.6, RAM ya gigabaiti 16 na diski moja ya kuzunguka. Niliiweka chumba cha nyuma, juu ya matofali mawili, ili vumbi letu la Mbeere lisiifikie. Vumbi liliifikia.

Ndani yake niliweka Proxmox, programu ya bure kutoka Vienna, Austria, ambayo imekuwapo tangu 2008 na kazi yake ni kuigeuza kompyuta moja kuwa nyingi. Kila moja kati ya hizo nyingi ni mashine pepe: ina mfumo wake, diski yake na anwani yake mtandaoni, na inajiona iko peke yake duniani. Ya kwanza inahifadhi picha na hati za familia. Ya pili ni maktaba: Wikipedia nzima kupitia Kiwix na masomo ya Kolibri, ili watoto wa jirani wasome bila kununua bando. Ya tatu ni Windows yenye programu ya hesabu za duka la nafaka la mama watoto. Msimu wa ndengu hiyo ndiyo mashine muhimu kuliko zote nyumbani, usithubutu kuizima. Ya nne inachuja mtandao. Kisha kuna tatu za mpwa wangu, anayesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Embu, ambazo huzijenga na kuzibomoa kila akija wikendi. Ukijumlisha viini nilivyoziandikia mashine hizo zote unapata kumi na viwili. Vya kweli vilikuwa vinne.

Miezi michache ikapita, kila kitu kikawa kizito. Windows ilichukua dakika kadhaa kufungua leja. Watoto walibofya picha ya moyo wa binadamu, wakaenda kucheza, wakarudi. Mimi nikafanya kile ambacho wengi hufanya. Nikasema prosesa imezeeka, nikaanza kutafuta nyingine.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na kosa hilo linaeleweka vizuri zaidi kwa maji kuliko kwa kompyuta. Yeyote aliyeishi huku kwetu amewahi kupanga foleni kwenye kioski cha maji. Kuna mifereji minne na mitungi kumi na miwili imepangwa chini. Hakuna anayepiga kelele, kwa sababu si wote waliofika dakika ileile, na mtungi mmoja haukai sana. Ndivyo prosesa inavyogawanywa. Kila mashine pepe hupata kipande kidogo cha muda, inajaza mtungi wake, inampisha mwenzake. Kwa hiyo kuandikisha viini kumi na viwili juu ya vinne si wizi wala si wazimu, mradi wengi wao wanasinzia. Mashine za nyumbani husinzia sana.

RAM haina foleni. RAM ni pipa lililo kwako. Maji yaliyo kwenye pipa la jirani si yako, hata kama hayanywi leo. Zipo mbinu za mashine pepe kuazimana RAM, lakini ukizitegemea utalala na kiu. Diski nayo ni bomba linaloleta maji kutoka kwenye chanzo hadi kioskini. Likiwa jembamba, mifereji yote hutoa matone, na ukiongeza mifereji sita utapata watu sita zaidi wanaotazama matone.

Kuna jambo la pili kuhusu mifereji ambalo wauzaji hawalisemi. Mtu aliyekuja na mtungi mmoja hafaidiki na mifereji kumi. Anachotaka ni mfereji mmoja wenye presha. Programu ya hesabu ya mama watoto ni mtu wa mtungi mmoja: hufanya jambo moja baada ya jingine, na viini vingine vikae bure. Mpwa wangu ni yule wa mkokoteni wa punda, mitungi kumi kwa mpigo. Yeye ndiye anayehitaji wingi. Gigahezi ni presha, viini ni idadi ya mifereji, na ni nadra kuvipata vyote viwili kwa bei ya mtu wa kawaida. Na zile nyuzi mbili kwa kila kiini ambazo Intel huzitangaza? Ni kama kuwa na mtungi wa pili uliokaa tayari pembeni mwa mfereji: wa kwanza ukiondolewa, maji hayamwagiki bure. Unaokoa muda, labda robo hivi, wala si mfereji wa pili.

Kabla ya kuniuzia chochote, fundi wa kweli angeniuliza: umepima? Sikuwa nimepima. Mpwa ndiye aliyenikalisha.

"Mjomba, unabadilisha nini na hujui kinachouma ni nini?"

Tukaacha programu ya kupima ikifanya kazi kwa wiki mbili. Prosesa ile niliyokuwa nikiisengenya ilikuwa ikitumia chini ya asilimia 15 ya uwezo wake kwa wastani. Lakini kwenye orodha ya amri ya top, ile nambari iliyoandikwa wa, yaani muda ambao prosesa imekaa mikono mitupu ikingojea diski, ilipanda kila jioni watoto walipofungua maktaba huku Windows ikijisasisha. RAM ilikuwa imejaa hadi mfumo ukaanza kuandika kumbukumbu zake kwenye diski ileile iliyokuwa tayari imelemewa. Prosesa haikuwa na hatia. Ilikuwa imesimama kioskini na mifereji wazi, bomba likikohoa.

Nikakumbuka Kindaruma. Sisi wa Kiritiri tunaishi jirani na mabwawa matano ya mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo la kwanza, lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968 kwa mitambo miwili ya megawati 20 kila mmoja, na nafasi ya mtambo wa tatu ikaachwa. Ilikaa hivyo zaidi ya miaka arobaini. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 KenGen waliujaza mwanya huo kwa mtambo wa megawati 24, wakaiinua na ile ya zamani ifikie hapo, jumla ikawa 72. Ni kazi safi, na kwa anayependa kufungua kompyuta inafurahisha: soketi tupu iliyosubiri miongo minne. Ila maji ya Tana hayakuongezeka. Mtambo wa tatu unasaidia saa za jioni ambapo nchi nzima inapika na kuwasha taa kwa pamoja. Haunyeshi mvua huko Nyandarua. Wahandisi wa Kindaruma walilijua hilo kabla ya kuagiza bolti ya kwanza. Mimi nilitaka kuongeza mtambo kwenye mto uliokauka.

Basi nikanunua SSD, nikaongeza RAM hadi gigabaiti 32, prosesa nikaiacha. Leja ikawa inafunguka kabla mama watoto hajakaa vizuri kitini. Kama seva yako ni ya kuhifadhi faili, maktaba na hesabu, unaweza kuifunga sura hii hapa; pesa ya prosesa nunulia diski ya nakala za akiba.

Lakini kulikuwa na Jumamosi. Mpwa akija, akianza kuunda programu zake kwenye mashine tatu kwa wakati mmoja, zile nyingine zilianza kulalamika. Safari hii nambari iliyopanda ndani ya mashine pepe ni st, muda ulioibwa: mashine iko tayari kufanya kazi, zamu yake imechukuliwa na mwenzake. Diski ilikuwa imetulia. Hiyo sasa ni foleni ya kweli kwenye mifereji, na ni hapo tu ndipo neno prosesa linapopata haki ya kutajwa.

Wazo la kompyuta moja kujifanya nyingi ni la kale kuliko wengi wanavyodhani. IBM walikuwa nalo miaka ya 1960 katika maabara yao ya Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1972 wakalitangaza kama bidhaa kwa jina la VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa lazima iyatimize ili kazi hiyo iwe salama. Kwa ufupi, agizo lolote linalogusa siri za mashine lazima lisimamishwe mlangoni na msimamizi. Prosesa za ukoo wa Intel zilizokuja kujaza maofisi ya dunia hazikutimiza masharti hayo. Zilikuwa na maagizo yaliyopita bila kupiga hodi. Mwaka 1999 VMware waliizunguka shida kwa programu iliyokuwa ikiyasoma maagizo na kuyaandika upya njiani. Mwishoni mwa 2005 Intel wakaweka mlango wenyewe ndani ya prosesa, wakauita VT-x. AMD wakafuata 2006. Februari 2007 programu ya KVM ikaingizwa ndani ya Linux, toleo la 2.6.20, na KVM ndiyo inayoendesha Proxmox yangu hadi leo.

Ninayasimulia haya kwa sababu yana bei sokoni. Prosesa utakayoinunua lazima iwe na VT-x. Iwe pia na EPT, ufundi uliokuja 2008 wa kuziachia mashine pepe zipange kurasa zao za RAM bila msimamizi kuhangaika. Kitu chochote cha Core i5 au Xeon cha miaka ya karibuni kinazo. Ukitaka kuikabidhi mashine pepe kadi halisi, tuseme kadi ya mtandao, unahitaji VT-d, na hapo soma kwa makini. Intel walikuwa na mchezo wa ajabu mwaka 2013: i7-4770 ilikuwa na VT-d, halafu i7-4770K, iliyokuwa ghali zaidi, ikanyimwa. Na kabla hujaamini kwamba mashine yako haiwezi, ingia kwenye BIOS. Kompyuta nyingi za ofisi hufika huku VT-x ikiwa imezimwa tu.

Tukaketi na mpwa kuchagua. Soketi ya Z420 huitwa LGA 2011, na inapokea ndugu wawili: Xeon E5 za kwanza na zile za v2. Za v2 zina viini zaidi kwa joto lilelile, kwa hiyo tukaziangalia hizo. Tatu zilibaki mezani. E5-1650 v2 ina viini sita vya gigahezi 3.5, wati 130: presha nzuri, mifereji ya wastani. E5-2650L v2 ina viini kumi vya gigahezi 1.7 na wati 70 tu; ile herufi L ilinivutia kwa sababu ya bili ya stima. Ya tatu ni E5-2680 v2, viini kumi vya gigahezi 2.8, ikipata nafasi hupanda hadi 3.6, wati 115.

Mpwa akaitoa ile ya L mara moja, na alikuwa sahihi kwa sababu ambayo sikuijua. Zile wati zinazoandikwa kwenye prosesa ni kipimo cha joto inapotoka jasho. Seva ya nyumbani hutoka jasho Jumamosi saa tatu nne; wiki iliyobaki inasinzia, na zikisinzia prosesa hizi zote tatu hula karibu sawa. Ile ya L ingeniokolea stima kidogo sana, kisha ingemnyima mama watoto presha kila siku. E5-1650 v2 ingemfaa yeye, imwache mpwa kwenye foleni. E5-2680 v2 ikaonekana kama jibu.

Niliiagiza kwa muuzaji wa Nairobi, ikaletwa na matatu hadi stendi ya Kiritiri. Usiku ule nilifungua mnara, nikafuta vumbi, nikalegeza feni. Kwenye soketi hii vipini viko upande wa bodi, si kwenye prosesa: 2011, vyembamba kuliko nywele za mtoto, na kimoja ukikipinda umeua bodi nzima. Unaishika prosesa kwa kingo, unaishusha bila kuisukuma, unafunga vyuma vyake viwili. Pesti ya joto nilitia kiasi cha punje ya kunde. Wengi hushauri punje ya ndengu. Kwa prosesa pana kama hii ndengu haitoshi. Nikafunga feni kwa zamu, pembe kwa pembe, nikawasha.

Feni zilivuma kama posho mill. Skrini ikabaki nyeusi.

Nilizima, nikatoa RAM, nikarudisha, nikawasha. Nyeusi. Nilipompigia mpwa ilikuwa inakaribia saa sita usiku, na jambo la kwanza aliloniuliza ni hili:

"Mjomba, uliangalia tarehe ya BIOS kabla ya kununua?"

"Niliisasisha juzi."

"Si ya BIOS yenyewe. Ya kile kipande cha kuwashia."

Ndani ya BIOS ya Z420 kuna kipande kidogo kinachoamka kabla ya vingine vyote, na kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo kina tarehe yake. Z420 za mwanzo zina kipande cha 2011. Za baadaye zina cha 2013. Cha 2011 hakizitambui prosesa za v2, na hata ukiisasisha BIOS mara kumi chenyewe hakibadiliki. Nikarudisha E5-1620 mahali pake, mashine ikawaka bila kinyongo, nikaingia kuangalia. 2011. Kitu ambacho ningekisoma kwa sekunde tano kabla ya kutuma pesa. Muuzaji alikuwa ameniambia prosesa ile inaingia kwenye Z420 yoyote; kumrudishia kukawa hadithi nyingine ndefu ambayo haikuzaa matunda.

Bado kulikuwa na mlango. Bodi yangu ingezipokea Xeon za kwanza, na kati ya hizo kuna moja yenye historia: E5-2670, viini vinane, iliyotoka Machi 2012 kwa dola 1,552. Miaka minne baadaye vituo vikubwa vya data vya Marekani vilipobadilisha mitambo yao, prosesa hizo zilimwagika sokoni zikauzwa kwa chini ya dola 100, na watu wa seva za nyumbani dunia nzima wakazinunua kama mandazi. Leo ni rahisi zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kuongea bei.

Aliyenisimamisha ni mama watoto, naye hakuongea habari za prosesa kamwe. Alishika simu yenye ujumbe wa tokeni akaniuliza, "Baba watoto, hizi uniti zinaliwa na nani?"

Nikanunua kipima stima, kile kidude cha kuchomeka ukutani. Z420 ikiwa inasinzia, bila mpwa, bila watoto, ilikuwa inakula wati 85. Zidisha kwa saa 24, kisha siku 30: uniti 61 kwa mwezi. Kwa mpangilio wa bei ulioanza Aprili 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, ya kati ya 30 na 100 hulipa zaidi, na inayopita 100 zaidi tena. Seva yangu peke yake, ikiwa imelala, ilikuwa imeitoa nyumba kwenye bei ya wanyonge mara mbili. Na kilichokuwa kikila si prosesa peke yake. Ni bodi kubwa, pawasaplai iliyotengenezewa ofisi ya wahandisi, kadi ya picha, feni. Prosesa yoyote ambayo ningeichomeka pale, viini vinane au kumi, wati 70 au 130, ingeamka asubuhi ndani ya nyumba ileile yenye njaa.

Na stima yenyewe ni mgeni. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote ilikuwa gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Sisi tulio kando ya Gitaru, kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini, megawati 225, tulitafuta mishumaa kama wengine. Siku za kawaida hukatika kwa namna ndogondogo. UPS ndogo ya dukani huwa na betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi na pungufu sana kwenye maisha. Kwa Z420 hiyo ni nusu saa ukibahatika. Windows ya duka ikizimwa ghafla msimu wa ndengu, anayelala nje ni mimi.

Kwa hiyo swali likageuka. Nilikuwa nikiuliza ni prosesa gani inaifaa mashine hii; nikaanza kuuliza ni mashine gani ina soketi inayoifaa nyumba hii.

Jibu lilitoka kwa Microsoft bila wao kukusudia. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda mbele, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi ng'ambo yamekuwa yakitupa kompyuta nzima za kizazi cha 6 na cha 7. Proxmox haijali. Nilipata HP EliteDesk 800 G2, sanduku la kulaza, yenye i5-6500 na nafasi nne za RAM zinazofika gigabaiti 64. Kwenye kipima ilisoma wati 24 ikisinzia. Hiyo ni uniti 17 kwa mwezi. Weka shilingi 28 kwa uniti, ukiwa umejumlisha kodi na tozo, tofauti na Z420 inapita shilingi 1,200 kila mwezi, na kwa mwaka elfu kumi na nne na ushei. Sanduku linajilipia.

Prosesa sasa nikaichagua kwa utulivu. i5-6500 ina viini vinne na nyuzi nne. i7-6700 inakaa kwenye soketi ileile, wati 65 zilezile, viini vinne lakini nyuzi nane, gigahezi 3.4 ikipanda hadi 4. Presha ya mama watoto imeongezeka kidogo, foleni ya mpwa imepungua. Ipo na i7-6700T ya wati 35, ya masanduku madogo ya kubandika nyuma ya skrini; kwangu ingekuwa kosa lilelile la herufi L. Mpwa alinitumia picha ya i7-8700, viini sita, akaniuliza mbona nisichukue hiyo, soketi yake si ni LGA 1151 pia? Nilifurahi kumjibu, kwa mara moja, jambo asilolijua: idadi ya vipini ni ileile, lakini kizazi cha 8 kinataka chipseti za mfululizo wa 300. Kwenye bodi ya kizazi cha 6 ungepata feni zinazovuma na skrini nyeusi. Skrini nyeusi ninaijua.

Jambo moja lilinishtua baadaye. Mpwa alitaka kusimamisha Red Hat Enterprise Linux 10, toleo la 2025, ambalo wanafunzi wa fani yake hulifanyia mitihani. Kwenye Z420 lilikataa kuwaka. Toleo hilo linadai prosesa zenye maagizo ya AVX2, na Intel waliyaleta 2013 na kizazi cha 4. Xeon za v2 hazina. Maana yake hata kama bodi yangu ingekuwa ya 2013, na E5-2680 v2 ikawaka vizuri siku ile, ningekuwa na viini kumi visivyoweza kubeba mtihani wa mpwa wangu. i7-6700 inayo. Ila kwenye Proxmox lazima uiambie: aina ya prosesa ya mashine pepe inayokuja kwa kawaida huficha baadhi ya maagizo, ili uweze kuihamishia kwenye seva ya zamani zaidi. Kama una seva moja tu nyumbani, chagua aina ya host, mashine pepe iione prosesa ilivyo.

Kuhusu zile kasoro za Meltdown na Spectre zilizotangazwa Januari 2018, prosesa zote nilizozitaja zimeguswa, na viraka vyake hupunguza mwendo kiasi. Viache viwe. Watoto wa jirani ni wema, lakini wanakua.

EliteDesk iko chumba cha nyuma sasa, kwenye rafu, ikiwa na i7-6700 na RAM ya gigabaiti 32, na UPS ileile inaipa muda wa kutosha kuzima kwa adabu stima ikipotea. Z420 ipo bado juu ya matofali yake; huwashwa Jumamosi mpwa akija na mkokoteni, ikizimwa Jumapili.

Ile E5-2680 v2 ndiyo iko kwenye droo. Vipimo vyake vyote ni vizuri. Kama una Z420, ingia kwenye BIOS, fungua ukurasa wa taarifa za mfumo, usome tarehe ya kipande cha kuwashia. Ukikuta 2013, na kama huna haja ya Red Hat ya karibuni, pita Kiritiri uichukue; bei tutaelewana.